Kumbukumbu ya Muthama Nzuki, Fundi wa Boti za Mbao

Mwaka umezunguka, Baba Mumbua, tangu Bwana akuite ile asubuhi ya Jumapili. Mvua imenyesha huku Ikutha, na silanga, bwawa letu, imejaa maji mpaka kwa mikonge. Ungekuwepo, kelele zako zingesikika sokoni.

Ulikuwa mtu wa kelele na wa mkono wa kutoa. Mjane ukimtengenezea mlango, hukumtoza kitu ila uji, na huo uji uliusifu mpaka mwenyewe akaona haya.

Watoto wa sasa hawajui mashindano ya boti hapa silangani yalianza vipi. Mwaka wa sitini na nne chombo kilikuwa mapipa mawili yaliyofungwa kamba ya mkonge, na tanga la gunia. Gunia likilowa maji, mwenyewe anaogelea! Halafu wewe ukaja na boti ya mbao, nyembamba kama mzinga wa nyuki wa gogo, na tanga la kitambaa cha merikani nililoshona mimi mkeo. Basi kila mtu akataka ya mbao.

Mwaka wa sabini na nane kijana mmoja, Jonah, akaleta boti ya faiba kutoka Mtito Andei, nyeupe, ina matanga mawili.

"Mzee, hiyo yako peleka jikoni ichemshe muthokoi," akakuambia.

"Nitakuita uje ule," ukamjibu.

Lakini vijana walikuwa upande wake. Kivuva, mwenyekiti wa mashindano, akaamua: faiba ikishinda, mbao zisiingie tena majini. Siku hiyo hata chai ilikushinda.

Siku ya mashindano tuliingia wawili, mimi nikiwa uzito wa kuzuia boti isipinduke. Upepo ulitupenda! Tulikuwa mbele, vijiti vya mwisho tunaviona. Kumbe hapo kwenye vijiti amesimama mama yangu, amekuja kuteka maji. Wewe na nthoni yako! Ni kweli, kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Njiani unaingia kichakani. Sasa kwenye maji utaingia wapi? Ukapinda boti, ukaelekea kwenye matete, na Jonah huyo, anakuja!

"Baba Mumbua, rudi!"

"Nirudi wapi na mama amesimama?"

Mama akasikia. Akatua mtungi, akajifunika leso kichwa chote, akageukia mlima.

"Mimi siko hapa!" akaita. "Hapa hakuna mtu! Piteni, Jonah anawafikia!"

Ukavuta kamba ya tanga, boti ikaruka. Tulipita vijiti tukimtangulia Jonah kwa pua ya boti tu! Watu waliingia majini na nguo zao za kanisa, na Kivuva akatangaza akiwa amelowa mpaka kiunoni: mbao zinabaki.

Jumamosi iliyopita walishindana tena. Faiba ni nyingi siku hizi, za mbao zilikuwa tatu. Mumbua alishika usukani wa ile uliyoiacha bila rangi. Alikuwa wa nne, Muthama, na mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaisha, watu wakaniuliza nani ameshinda.

Unakumbukwa na mke wako Kalondu, watoto wako Mumbua, Mulei na Ndululu, wakwe, wajukuu, na waumini wenzako wa Ikutha.

Miaka itapita. Wewe hutapita mioyoni mwetu.