Karatasi za Wanawake Waliopanda Miti Bagira

Lwiro, 9 Machi 1976

Mama yangu mpendwa,

Habari za nyumbani? Magoti yamepata nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haijanizoea.

Sanduku lako limefika salama. Nimekaa nalo wiki nzima hapa maktabani: ripoti za klabu yenu ya wanawake, picha za masomo ya kushona, barua ulizowaandikia wakubwa wasiojibu. Sikujua mliandika hivyo! Direkta wa kituo chetu cha utafiti amefurahi sana. Anataka dosie yenu, yaani faili la karatasi hizi, ifungwe kabla wageni wa Kinshasa hawajafika Julai. Niandikie ukurasa mmoja wa mwisho, kwamba miti imekua na chemchemi inatoa maji. Ni haki yako usifiwe ungali hai.

Binti yako,
Feza

Bagira, 2 Aprili 1976

Mwanangu Feza,

Salamu zako nimezipata, nami nakurudishia zangu. Magoti ni yale yale, usiulize tena. Hapa tunasukuma siku.

Ukurasa wako sijauandika. Muzee Bisimwa, mwenye kilima tulichopanda miti, tumemzika Jumatatu. Kabla matanga hayajaisha, mwanawe Philémon alipanda juu ya chemchemi na watu wa makala, wachoma makaa, wakapima miti yetu ya grevilea kwa mikono. Nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu bila hata kuvua kofia: "Maman, kilima iko ya baba. Miti iko juu ya kilima ya baba. Sasa weye unauliza nini?"

Desturi yetu unaijua. Mwanamke analima kwa kukodi, maharagi na mihogo, basi. Ukipanda mti kwenye shamba la kukodi, umeshasema shamba ni lako. Ndiyo sababu tuliandikiana na marehemu: kilima ni chake, miti haikatwi, maji ni ya wote. Akatia kidole gumba chenye wino. Karatasi ile imo sandukuni. Nirudishie upesi. Miti ikikatwa na chemchemi ikikauka, tutarudi kuteka maji ziwani, na kwa magoti haya mimi sitafika.

Mama yako

Lwiro, 29 Aprili 1976

Mama mpendwa,

Pole sana kwa msiba, na pole kwa usumbufu wa Philémon. Mimi sijambo.

Karatasi nimeiona. Shida ni kwamba hapa kilichoingia hakitoki bila sahihi ya direkta, naye amekwenda Kinshasa. Kwa hiyo nimekupigia nakala kwa mashine, neno kwa neno, na sekretere ametia muhuri wa kituo. Muhuri mkubwa wa bluu, Mama. Philémon akiuona atarudi nyuma. Usipande kule peke yako, nenda na mama Godelive wa klabu, yeye anajua kufoka.

Binti yako,
Feza

Bagira, 21 Mei 1976

Feza wangu,

Amani iwe nawe. Nimekawia kujibu, na si kwa sababu ya shughuli. Nimechoka, mwanangu. Klabu hii nimeiongoza tangu wewe hujaota meno, na sasa nikiita mkutano wanakuja wachache, na hao nao wanasinzia.

Nakala tuliipeleka kwa wazee. Muhuri waliusifu. Kisha papa Adalbert, aliyekua pamoja na marehemu, akauliza: "Ile siku ya mapatano, ni nani alikunywa?"

Hakuna aliyekunywa. Mambo ya ardhi wanaume huyamaliza kwa kasigisi, pombe yetu ya ndizi, na walioinywa ndio mashahidi. Mwanamke haketi kwenye mtungi ule. Basi sisi tulileta karatasi, tukajivuna, maana tulikuwa tumefundishana kusoma na tulidhani inatosha. Nikawaambia tutaleta pombe hata leo. Philémon akacheka: "Mutakunywa na maiti?"

Wazee wamesema waone angalau kidole chenyewe. Marehemu alikuwa na kovu la panga katikati ya dole gumba, kila mtu hapa analijua. Nakala yako haina kidole. Wamemwambia Philémon asubiri, lakini mpaka lini hawakusema.

Mama yako

Lwiro, 7 Juni 1976

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Direkta hajarudi bado. Karatasi nimeitoa mwenyewe, nimeifunga ndani ya kitambaa, na dereva Nasoro ataileta atakaposhuka mjini. Wakijua hapa, kazi sina. Usinigombeze, ipeleke tu kwa wazee.

Binti yako,
Feza

Bagira, 19 Juni 1976

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ungali kazini. Sisi wazima kwa mwili.

Karatasi imefika Jumanne. Philémon alikuwa ameanza kukata Jumamosi. Hata hivyo wazee walikuja, wakalitazama lile kovu, na papa Adalbert akalia: "Iko yeye kweli." Wakamfokea Philémon. Akaomba msamaha vizuri sana, kwa heshima zote, na hakuna mti hata mmoja uliokuwa umebaki.

Nilikasirika sana. Godelive alikaa juu ya kisiki akijifunika kitenge usoni. Kisha wanawake wakaanza kutazamana. Kuni unajua zilivyo ngumu kupata, na matawi yalikuwa yamejaa chini. Wakaanza kufunga mizigo. Wa klabu, Feza, walewale waliopanda. Nami nikafunga wangu. Jioni nikapika maharagi, yakaiva vizuri, nikashindwa kuyala.

Chemchemi bado inatoa maji, kidogo, ni kiangazi. Mwaka kesho sijui. Mkutano sitauita tena.

Karatasi ya marehemu naituma tena kwa Nasoro. Irudishe mahali pake kabla direkta hajafika. Ukurasa ulioniomba uko pamoja nayo, na jina lako sikulitaja popote. Nimeandika kwamba miti ilikatwa, na kwamba kuni tulibeba sisi wenyewe. Utie mwisho wa dosie, usiufupishe, hata direkta akinuna. Sitaki mtoto wa mtu asome ripoti zetu huko Lwiro akafikiri huku Bagira kuna kivuli.

Mama yako