Maji ya Mtoto

Shoga uko wapi? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Nimetoka kupimwa ultrasaundi sasa hivi. Mpimaji alikuwa anataniana na mume wangu, ghafla akaikazia macho skrini. Akasogeza kile kifaa tumboni upande huu, upande ule. Akaenda kumwita daktari.

Mtoto hana figo. Hana figo shoga! Hata moja!

Daktari anasema mimba ikiwa changa kabisa, kila upande kuna kijimrija kinachoota kama chipukizi. Kikiigusa nyama changa iliyo jirani, figo inaanza kujijenga. Kwa mwanangu havikugusana. Pande zote mbili.

Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo hakojoi?" Nikataka kumzaba kofi. Kumbe ndilo swali lenyewe. Yale maji anayoogelea mtoto tumboni, mengi ni mkojo wake mwenyewe. Hakojoi, maji hayapo, na bila maji mapafu hayakui.

Nikasema, "Lakini anacheza! Moyo si huo unapiga?"

Daktari akajibu, "Unapiga vizuri, mama. Humo ndani mwili wako unamsafishia damu. Akizaliwa, hataweza kupumua."

Hataweza kupumua. Alisema hivyo polepole, ananitazama machoni.

Mama yangu mwambie wewe, mimi siwezi.

Tuko nje kwenye benchi. Mume wangu ameniwekea mkono tumboni. Mtoto anakisukuma kiganja chake.

Wenzangu wanaomba siku ya kujifungua ifike. Mimi naomba isifike, shoga. Isifike kabisa.