Baiskeli ya Mjomba

Mjukuu wangu Salehe,

Barua yako imefika. Bibi yako bado anakohoa, ila mahindi yamekubali. Unauliza kama ununue pikipiki iliyotumika ya kuendea kazini, kwa kuwa muuzaji ni ndugu.

Enzi za Mjerumani nilikaa Morogoro mjini, kazi yangu shamba la Mzungu mlimani. Mjomba akaniuzia baiskeli yake. Tuliijaribu mteremkoni, ikaenda vizuri mno. Sisi Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, hatumkagui. Kesho yake napanda mlima, mnyororo ukawa unachomoka kila nikikanyaga. Niliisukuma, nikachelewa. Alichonifanya Mzungu siandiki.

Nilipomrudia, mjomba akasema, "Kwani nilikuuzia ya kupandia mlima?"

Ijaribu mlimani, Salehe. Ndugu yako akikuonyesha mteremko, rudi nyumbani.

Babu yako, mtembea kwa miguu mpaka leo.