Bei ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Septemba 2024 – Mushasha, Gitega

Hili sijamwambia mtu. Shangazi Ursula, ninayekaa kwake, hajui. Padri hajui – jana nilipanga foleni ya kitubio nikatoka kabla ya zamu yangu.

Juzi Jumamosi, tarehe saba, saa nne asubuhi, niliiona tiketi ya dada Imelda. Muscat hadi Bujumbura kupitia Addis. Dola 298. Kuondoka Jumatano usiku, kufika Alhamisi mchana. Chini yake maandishi mekundu: vimebaki viti viwili kwa bei hii. Pesa tuliyokusanya ni 340. Ilitosha.

Kazi yangu ilikuwa ndogo sana. Kupiga capture ya skrini na kumtumia mzee Shabani, mwenye duka la vitenge soko la Muyinga. Yeye ana kadi ya benki kwa sababu anaagiza mali Dubai. Baba mdogo Fredi aliuza ng'ombe akamkabidhi pesa. Mimi natuma picha, Shabani analipa. Basi.

Sikutuma.

Nilisubiri ishuke. Siku pesa zilipokusanywa shangazi alisema mbele ya wote: "Kitakachobaki kwenye tiketi ni cha Jeska, akajiandikishe chuo." Shule nimemaliza, matokeo ya mtihani wa taifa bado. Na mimi ninataka sana kusoma. Nikaona kinachobaki ni kidogo. Nikasema moyoni, hadi Jumatatu tu.

Baba amelazwa Muyinga. Ini. Daktari alimwambia mama wiki mbili, labda tatu. Alisema hivyo Jumanne iliyopita. Nilikuwa ninalijua hilo wakati ninafunga simu.

Leo bei ni 461.

Shangazi ameniuliza huku anakata kitambaa cha sare za wanafunzi. Nimesema bei ziko juu hivyo tangu mwanzo. Hakuinua hata kichwa. "Pole mwanangu. Endelea tu, wewe ndiye unayejua haya mambo."


Jumanne, 10 Septemba – Mushasha

Bado 461.

Nimefuta kumbukumbu zote za simu. Shuleni walikuwa wanasema ule mtandao wa tiketi unakukumbuka, ukirudi mara nyingi unakupandishia. Nimefuta, nimezima, nimewasha. 461. Nimebadilisha tarehe. Kuna kalenda ambapo siku za bei nafuu zina rangi ya kijani na za ghali nyekundu. Wiki hii nyekundu. Ijayo nyekundu. Kijani kinaanzia Oktoba.

Najua nilikosea wapi. Nilifanya kama sokoni. Pale Muyinga mama alinifundisha: usioneshe kwamba unakitaka. Weka chini, geuka, tembea hatua tatu nne, mwenye nyanya atakuita mwenyewe. Jumamosi nilifunga simu hivyo hivyo, kama mtu anayeondoka. Nilikwenda kufua. Hakuna aliyeniita.

Shabani amepiga.

"Mademoiselle, mi niko na kadi hapa mkononi. We unangoja nini?"

Nikamwambia ninangoja bei, mzee.

"Billet ya ndege haiko nyanya, mwanangu. Nyanya inashuka bei juu ya kuoza. Kiti ya ndege itaoza wapi?" Akacheka. Nikacheka na mimi, kwa adabu.

Halafu sauti ya Imelda kwenye Wasap. Ana miezi kumi na tisa kwa yule bibi wa Muscat anayemfanyia kazi za ndani, na mkataba ni miaka miwili, kwa hiyo nauli ya katikati ya mkataba ni juu yetu. Bibi amemrudishia pasipoti na kumpa ruhusa ya wiki tatu. "Mdogo wangu, begi liko mlangoni. Niambie siku tu. Kesho ukiniambia kesho, naondoka kesho."

Nimeisikiliza mara nne.


Jumatano, 11 Septemba

Baba hali chakula tangu jana. Uji anaunywa vijiko viwili, kwa ajili ya mama.

Nimegundua kisanduku cha kuweka alama: onesha na viwanja vya ndege vya jirani. Zikatokea Kigali, Entebbe, Mwanza, Dar es Salaam. Kigali ndiyo ya chini kabisa. Nimekimbia kumwambia shangazi.

"Kigali? Na mpaka wa Rwanda umefungwa, atapita juu ya miti?"

Ni kweli. Kwa furaha nilikuwa nimesahau.


Alhamisi, 12 Septemba

Leo saa nane mchana ile ndege ya kupitia Addis imetua Bujumbura. Nilikuwa ninachambua maharage. Nilitazama saa. Kuna watu wawili wameshuka kwenye vile viti viwili, wamechukua mizigo yao, wamekwenda kwao.

Imelda angelala Gitega leo. Kesho angekuwa na baba.

Saa tisa simu ikalia kengele niliyoitega mwenyewe ya kunijulisha bei ikibadilika. Imeandika: habari njema, bei ya safari yako imeshuka! Nikafungua. Dola 287. Tarehe 3 Oktoba.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Baadaye nikampigia baba mdogo Fredi, nikamwambia Bujumbura haiwezekani ila Dar kuna ya 236, moja kwa moja, Jumamosi jioni. Nilidhani atakasirika. Alifurahi.

"Sasa ulikuwa unaficha nini? Sisi tumezaliwa ukimbizini Ulyankulu, Tanzania, Dar si ugenini kwetu. Imelda atalala kwa rafiki wa mama yako, Jumapili alfajiri yuko ndani ya basi, Jumatatu mchana yuko Kabanga, mpakani. Anavuka Kobero kwa miguu, mimi nampokea na baiskeli."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama Jumatatu haijachelewa.

"Tutamwomba baba yako atusubiri," akasema.

Nimetuma capture. Shabani amelipa ndani ya dakika kumi. Ameandika: "Voilà. Umetufanyia kazi nzuri."

Kwa hiyo kimebaki kingi. Kingi kuliko nilichokitaka siku ile.


Jumamosi, 14 Septemba – Muyinga

Mafuta hakuna. Nilifika parking ya mabasi ya Gitega saa kumi na mbili asubuhi, gari likapata mafuta saa nane. Tulipita Karuzi jua linashuka. Shangazi amebaki, atakuja akimaliza sare.

Sikumtambua baba mara moja. Nilipita kitanda chake nikaenda cha pili, ndipo mama akaniita jina. Macho yamekuwa ya njano kabisa, na mikono imekuwa ya mtu mwingine, mrefu zaidi.

Imelda ametuma picha akiwa uwanja wa ndege wa Muscat. Amevaa koti jeusi, kando yake begi na furushi la blanketi. Mama aliiweka simu karibu na uso wa baba. Akatazama muda mrefu. "Amenenepa," akasema. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, kisha akatoka nje kwenda kusuuza kikombe kilichokuwa safi.

Shabani alikuja kumjulia hali baba. Mlangoni akanipa bahasha. "Baki yako. Soma sana, mademoiselle, uje utuletee ndege hapa Muyinga." Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakasema amina.

Bahasha nimeiweka katikati ya kurasa za daftari hili.


Jumapili, 15 Septemba – hospitali

Amepanda basi. Ametuma ujumbe Morogoro, kisha Dodoma. Kila mji mama ananiambia niutaje kwa sauti baba asikie. Yeye anaijua ile njia, alikuwa anasafirisha tumbaku kwa malori enzi za ujana wake. Nikitaja mji, anataja unaofuata. Dodoma. "Manyoni," anasema. Anafumba macho. "Kisha Singida."

Mchana mama alikwenda kuoga, tukabaki wawili. Baba akasema: "Nioneshe."

"Nini, baba?"

"Hiyo ya kutafuta ndege."

Nikamwonesha. Hapa unaandika unatoka wapi, hapa unakwenda wapi. Hapa kalenda. Aliuliza rangi, nikamweleza kijani na nyekundu. Aligusa skrini kwa kidole, siku zikasogea, akashtuka kidogo kisha akatabasamu. "Kumbe ndege inatafutwa kwa kidole."

Halafu akauliza. Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa anapenda tu kujua, kama anavyouliza bei ya kila kitu.

"Na ya Bujumbura, ya chini kabisa uliyoiona, ilikuwa ngapi?"

Nilikuwa na nafasi. Chumba kilikuwa kimya, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Ningesema, labda angenisamehe. Baba si mtu wa hasira.

"Dola mia nne sitini na moja, baba."

"Umefanya vizuri kusubiri," akasema. "Mimi ningelipa ya kwanza."

Baada ya hapo akalala. Jioni aliuliza mara moja tu basi limefika wapi. Nikasema Singida. Akasema, "Bado mbali."


Jumatatu, 16 Septemba

Saa kumi na moja alfajiri.

Mama alikuwa amemshika mguu. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji.


Jumatatu, tena – saa tano

Naandika kwa sababu siwezi kukaa bila kushika kitu.

Tuko kwenye majani nyuma ya wodi. Baba mdogo Fredi alifika kutoka Giteranyi kumepambazuka, baiskeli imejaa vumbi. Alilia amesimama, ameshika usukani. Kisha akaniita pembeni, mimi na mama.

"Imelda asiambiwe. Aliye njiani haambiwi msiba. Kwanza aketi nyumbani, anawe miguu, anywe maji, ndipo mkubwa wa familia amwambie. Mtoto yuko peke yake ndani ya basi, mnataka aangukie barabarani?"

Mama akasema ndivyo. Watu wote wakasema ndivyo, hata wa upande wa baba ambao hawajawahi kukubaliana jambo. Nimeona ni haki. Ila simu ninayo mimi.

Saa mbili Imelda aliandika: tumelala Kahama, tumeondoka. Baba ameamkaje?

Nilimwonesha baba mdogo. "Mwandikie anakusubiri." Nikaandika anakusubiri.

Akajibu: mwambie nimemletea blanketi zito, hatahisi baridi tena.

Sikumwonesha mtu huo ujumbe.

Saa tatu na nusu alipiga. Niliiacha ilie hadi ikanyamaza. Akaandika yuko Nyakanazi, mtandao ni mzuri, niweke simu sikioni mwa baba, neno moja tu, hata kama hajibu. Baba mdogo alifikiri. "Mwandikie daktari yuko ndani." Nikaandika daktari yuko ndani.

"Sawa," akajibu. "Nitapiga nikifika Kabanga. Jeska, asante. Bila wewe ningekuwa bado naosha ngazi za watu. Mungu akulipe."

Shabani ameleta sanda na turubai. Mazishi kesho, tumngoje Imelda afike. Baba mdogo anawaelekeza wanaume, na kila anayefika anamsimulia: mtoto mkubwa wa marehemu yuko karibu sana, amebakiza saa chache tu, huyu Jeska ndiye aliyempatia ndege, alitafuta wiki nzima bila kuchoka. Watu wananigeukia. Bibi mmoja nisiyemfahamu amenishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki. Nimeinamisha macho. Wanadhani ni aibu yangu ya kila siku.

Nikipiga mahesabu ya siku, inatoka ile ile kila mara. Alhamisi usiku Gitega. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili – siku tatu na baba. Imelda angesikia kila mji wa ile njia kwa mdomo wa baba. Angemlisha uji yeye, na kwa Imelda baba angekula.

Baba mdogo anajiandaa kwenda Kobero kumpokea. Amesema nifuatane naye kwa sababu Imelda ananipenda mimi zaidi, nitembee naye hadi nyumbani na nisilie. Ni masaa mengi ya kutembea. Ataniuliza mambo. Kila kitu nilichobakiza cha kumwambia ni uongo, na ule mkubwa si wa baba mdogo, ni wangu.

Wewe daftari peke yako ndiye unayejua habari ya tarehe saba. Sitakuchoma, sina ujasiri hata huo. Lakini nakuomba, mtu akikufungua nikiwa sipo, usimwoneshe ukurasa wa kwanza. Mama, hapana. Shangazi, hapana. Na Imelda akikuuliza, yeye kuliko wote –

Simu inalia. Namba yake ya Tanzania. Bila shaka yuko Kabanga mapema, na baba mdogo bado anatafuta pampu ya baiskeli, anapunga mkono huko mbali kwamba nipokee, niseme chochote –