Vikopo Nilivyovisugua

Ngalula, mwanangu wa pekee,

Barua hii si ya kuficha chini ya godoro. Kesho baada ya misa nitaisoma mbele ya akina mama wa chama chetu na wale wa kituo cha afya. Nakuandikia kwanza wewe, na nakala naituma leo kwa basi, ili uipate huko Lubumbashi kabla watu hawajakupigia simu kukusimulia vibaya. Mimi niliyeishia darasa la nne nimezaa fundi wa umeme. Nimelisema hilo sokoni, kanisani na kwenye bomba la maji, na leo nalisema tena.

Unakumbuka redio ya marehemu baba yako? Aliinunua akiwa bado anafanya kazi karakana ya kampuni hapa mtaani Panda, na alipofariki ilibaki juu ya kabati, ikivuma kama nyuki ndani ya chupa. Mimi nilidhani ni uzee. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliifungua kwa kisu changu cha mboga, ukanionyesha vikopo vidogo vilivyovimba kichwa, ukaniambia, "Mama, ile kulia ni courant, ule umeme, haikunyooka. Inatetemeka." Ukanieleza kwamba vile vikopo vinaitwa kondansateri, kazi yao ni kushika umeme na kuutoa polepole ili upite laini. Vikizeeka, umeme unapita na mawimbi yake, na redio inavuma. Ulitia vitatu vipya, na kwaya ikaimba mle ndani safi kabisa. Siku ile nilimaliza barabara nzima nikiwasimulia watu. Jirani yetu Mama Kabedi akaniuliza kama wewe pia ndiye uliyeumba jua.

Na unakumbuka ulivyonipiga mkono? Nilitaka kupangusa vumbi ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mtu, uzi ulishachomolewa ukutani. "Mama, usiguse. Hata kama banaichomoa, iko inauma bado." Nilicheka. Laiti ningelibaki na pigo lile mkononi.

Maana ilikuja ile kompyuta ya kituo cha afya. Unaijua hadithi, lakini wanaosikiliza kesho hawaijui yote. Kompyuta ilikuwa inazimika yenyewe kila Maman Agnès, mkuu wa kituo, alipotaka kutoa karatasi za ripoti. Ndani yake mlikuwa na majina ya wajawazito wote na siku zao. Alikuwa ameshamwita fundi wa Lubumbashi. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nimepeleka mguu wangu, nikasimama na huo mguu mbovu. Nikasema fundi wa Lubumbashi wa nini, wakati wangu analala nyumbani kwangu.

Maman Agnès alinitazama juu ya miwani. "Mama Ngalula, uyu mutoto yako, kweli anajua? Hii si redio."

Nikamwambia asubiri Ijumaa aone kwa macho yake, na wengine wote waje.

Ulinikasirikia kidogo, nakumbuka. Ulisema sipaswi kukualikia watu kama harusi. Lakini ulikwenda, ukafungua kisanduku cha umeme, ukakuta kondansateri tatu zimevimba. Ukanieleza, kwa sababu wewe hunieleza kila kitu hata nisipouliza, kwamba kompyuta ikifanya kazi nzito umeme unaanza kutetemeka kama ule wa redio, nayo inaogopa inazimika. Ulizunguka kwa wauza vyuma chakavu ukatoa vitatu vizuri kwenye masini zilizokufa. Ulivipima kimoja kimoja. Ulivipanga kwenye sahani ya bati mezani, ukasema vinafaa, uko tayari.

Ijumaa asubuhi ulitangulia kituoni kufungua kisanduku na kuondoa vile vibovu. Uliniachia ile sahani nikuletee, pamoja na chai.

Sasa nasema.

Niliviangalia. Vilikuwa vichafu, mwanangu. Vimevaa ganda la plastiki jeusi lenye mafuta na masizi, kimoja ganda limechanika. Nikawafikiria wale watu wote niliowaita, wakiona mtoto wangu anaweka takataka ndani ya kompyuta ya kituo. Unajua barabara yetu. Mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Mimi sufuria zangu zikianikwa juani mtu anafumba macho. Nikachukua kisu, nikamenya yale maganda kama viazi. Chini yake palikuwa na bati jeupe. Nikatia majivu na mchanga laini, nikasugua, nikasuuza, nikafuta kwa kitambaa cha kanisani. Vikang'aa kama vikombe vya padri. Nilitembea toka Panda hadi kituoni nimebeba sahani mbele yangu, nikisalimu watu.

Ulifunua kitambaa nilichoifunikia sahani. Niliona tu shingo yako imesimama. Sikuelewa. Baadaye ndipo ulinieleza, tukiwa wawili: kwenye lile ganda ndipo pameandikwa kikopo kinashika umeme kiasi gani na kinavumilia nguvu kiasi gani, na ule mstari mweupe ubavuni ndio unaonyesha mguu wa kutoa, wa hasi, kati ya ile miwili ya waya. Ukigeuza miguu, kinapasuka. Nilikuwa nimemenya majina yao yote nikayatupa jalalani.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Maman Agnès amekunja mikono. Mlinzi wa geti ameacha geti. Ungeweza kusema palepale, "Mama ameharibu." Neno moja tu. Wewe uliinama, ukavigeuza vidoleni polepole, ukivitazama miguu, ukijaribu kukumbuka kila kimoja ulikitoa wapi na kilikaaje. Jasho lilikutiririka puani. Nikajiambia, ona mtoto wangu anavyofanya kazi kwa makini. Hata nilimgusa Mama Kabedi kwa kiwiko aone.

Uliunganisha kisanduku peke yake kwanza, mbali na kompyuta. Ulituambia turudi nyuma hatua tatu. Ukawasha.

Sauti ilikuwa kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki. Kisha moshi mweupe, na harufu ya samaki aliyeoza. Watu wakakimbilia uani. Ulipochomoa, mlinzi ndiye aliyeanza kucheka. "Njo uyu ingénieur wenu, injinia wa kusifiwa?"

Hapo ndipo nilipofanya lile linalonila hadi leo. Macho yote yalikuwa kwangu, mimi niliyewaita. Nikakugeukia, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi maternité, kwenye wodi ya wazazi, "Ngalula, nilikuambia uangalie muzuri."

Ulinitazama. Kisha ukamgeukia Maman Agnès.

"Ni miye nilikosa. Munipe saa mbili."

Ulitembea nami hadi Panda bila kunisuta. Ulipanda kwenye kiti, ukaishusha redio ya baba yako, ukaifungua. Vile vitatu ulivyotia ukiwa na miaka kumi na miwili vilikuwa na maganda yao, na mistari yao, na maandishi yao. Uliniambia ni vikubwa zaidi, vinavumilia nguvu zaidi ya inayohitajika, na hilo si baya. Vitalala ubavu tu kwa sababu nafasi ni ndogo. Ukavitoa. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na midomo yangu, hii midomo inayojua kusema, na haikuomba msamaha.

Kompyuta iliwaka. Ilitoa ripoti yote, karatasi baada ya karatasi, na haikuzimika. Haijazimika mpaka leo, mwanangu. Nikienda kupima presha nakaa karibu na dirisha la chumba ilimo kusudi niisikilize. Haivumi.

Lakini watu hawakubaki na ripoti. Walibaki na ule mlipuko. Walikuita Mademoiselle Baruti, yaani Binti Baruti. Kazi ya kutunza masini za kituo alipewa yule fundi wa Lubumbashi, nawe ukafunga begi. Ukiniaga ulisema Lubumbashi kuna kazi nyingi. Hukusema kingine, na mimi niliwaambia watu umeitwa na wakubwa.

Fundi yule sasa ameacha. Kituo kimepata masini nyingine, kinatafuta mtu wa hapa hapa. Jumatatu wanachagua. Jana nilisikia mlinzi akitaja jina lako, na mwenzake akasema, "Uyu wa kulipua? Hapana." Nikaingia moja kwa moja kwa Maman Agnès nikamwambia yote, maganda, majivu, kisu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kwake mimi nimeshasema, lakini waliocheka walikuwa uani, niende nikawaambie uani.

Basi kesho naenda uani pa kituo. Sijui kama watakuita. Sijui hata kama ukiitwa utataka kuja. Nimewahi kujisifu mbele ya watu hawa mara nyingi kuliko vyungu nilivyopika, na sijawahi kuogopa kusimama mbele yao mpaka leo.

Redio ya baba yako bado iko juu ya kabati, kimya, tumbo wazi kama ulivyoiacha. Jumamosi zote nafuta vumbi nyumba nzima. Ile naipangusa nje tu. Ndani sijagusa.

Ni mimi mama yako, niliyemenya maganda.