Springi Ulizonipa, Kaka

Newala, kiangazi

Kwa kaka yangu Yohana,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Muheza, pamoja na shemeji, watoto na mama yetu. Niambie kama macho ya mama yametulia, na kama bado anaficha dawa chini ya mto. Mimi nipo. Siumwi, ila nimechoka, na uchovu wenyewe utausikia humu ndani.

Umeniuliza kama zile springi za kuvuta kwa mikono kutanua kifua ulizonipa siku ya harusi zinafaa, maana nawe unataka kujinunulia, tumbo limeanza kukutangulia mlangoni. Ukarani ndio huo kaka, kiti kinanenepesha. Nami nitakujibu kwa haki. Miezi ya kwanza nilipofika hapa kufundisha nilizivuta kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, nikanyanyua na vile vyuma viwili vya mkononi ulivyoniongezea. Usingizi ukawa mzuri, mgongo ukaacha kuniuma, koti la harusi likanibana mabegani. Nikajiona mwanamume. Mke wangu Agnesi alikuwa akinitazama na kucheka, "Hizo nguvu unamwekea nani?"

Sasa amejua. Newala hakuna maji, kaka. Nchi iko juu, mikorosho na mihogo inastawi, lakini kisima kipo chini bondeni, na wanawake huondoka na mitungi alfajiri wakarudi jua limekwisha kuwa kali. Wazungu wanapita wakipima njia ya mabomba, ila mpaka leo bomba limefika kwenye mazungumzo tu. Pipa la kukingia mvua likikauka, ni bondeni au kiu.

Na Agnesi ni mjamzito tena. Sikukuandikia mapema kwa sababu ya zile mimba mbili zilizoharibika. Niliogopa hata kutaja. Mkunga amemwambia waziwazi asibebe kitu kizito wala asishuke ule mteremko. Kwa hiyo nashuka mimi. Huku mwanamume hachoti maji. Wanaume wenzangu nikiwapita, nawasikia wakicheka nyuma yangu. Hilo nimelizoea.

Siku ya kwanza nilijiamini mno. Nilichonga mti wa mzega wa kulaza begani kama wachota maji wetu wa pwani, debe mbele, debe nyuma. Nani wa kunifundisha kubeba, mimi mwenye kifua cha springi? Kumbe njia ya kupandia ni nyembamba, imebanwa na mawe, kona juu ya kona. Debe la mbele likagonga jiwe, la nyuma likanisukuma, nikafika juu na maji ya kunawa uso. Jirani yetu Mama Lukia alikuwa nyuma yangu na mtungi kichwani, majani yakielea juu ya maji yasimwagike. Alinihurumia, lakini alicheka kwanza.

"Pole mwalimu," akasema. "Hicho chuma unachokivuta ndani kila siku, hakijafika magotini?"

Ni kweli, hakijafika. Springi zimenipa kifua cha kupigia picha, na mteremko unataka magoti na pumzi. Tangu hapo nabeba debe moja begani, nimelifunika majani. Nikiingia darasani miguu inatetemeka, nashika ukingo wa ubao nisianguke, watoto wanadhani nafikiri. Springi zimetundikwa msumarini na sina hamu hata ya kuzitazama.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Wiki iliyopita nilirudi na debe langu nikamkuta Agnesi amekaa chini mlangoni, ameshika tumbo, midomo imemkauka. Alishikwa na kizunguzungu akaanguka. Aliita, hakuna aliyesikia. Saa zile wanawake wako bondeni, wanaume mashambani, nyumba zote tupu. Akakaa pale peke yake akinisubiri mimi. Mkunga alimpima akasema mtoto bado anacheza, ila mama yake asiachwe peke yake tena. Kaka, nilitoka nje nikalia.

Sasa nigawanyike vipi? Nikienda kisimani, anabaki peke yake. Nikikaa naye, atakunywa nini? Mama Lukia huja jioni kumkanda miguu, lakini naye ana nyumba yake na mtungi wake.

Basi jibu langu ni hili: springi nunua. Wewe unakaa kitini, zitakufaa, ila uende kazini kwa miguu, maana tumbo halipungui kwa mikono. Mimi usinitumie chuma kingine. Nakuomba mama. Najua mwaka jana nilimkataza, nikasema meli itamchosha na huku atakufa kiu. Najua pia kwamba ndiye anayewalelea watoto, na shemeji ataelemewa. Mwombe shemeji radhi kwa niaba yangu. Mwalimu mwenzangu yuko likizo Korogwe, atapita kwako akirudi, mama afuatane naye. Sitaki abebe hata kikombe. Akae na Agnesi tu asubuhi, nikiwa bondeni.

Nisalimie shangazi yetu afuaye vitambaa vya kanisa, mjomba mpiga kengele, na baba yangu wa ubatizo kama bado anatoka nje kuota jua. Wabusu watoto.

Agnesi hajui kwamba nimeandika haya. Yeye husema tusimsumbue mama wa watu. Lakini huku mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, na yeye mpaka leo wanamwita mke wa mwalimu. Akisikia wenzake wanaitana, huingia ndani.

Mwambie mama aje.

Mimi mdogo wako,
Barnaba