Laini Arobaini na Tatu

Alhamisi, 10 Januari 2008

Laini 43 zimepotea. Jana Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana. Orodha yetu ya mtandaoni ilikuwa na laini 118, kila laini programu moja, leo iko na 75. Nimehesabu mara tatu. Za Wesley 31 ziko. Za wale wengine saba, 44, ziko. Zilizoenda ni zangu. Zangu tu.

Alhamisi ni siku yangu ya kukagua. Nimelipa nusu saa ya intaneti hapa saiba kama kawaida, nikafungua ukurasa, nikatafuta jina langu. Hakuna.

Orodha ni ya programu za databesi: za kuhamisha data, za kufanya bakap, yaani nakala za akiba, za kufufua faili iliyokufa. Tuliianza mimi na Wesley mwezi wa tatu mwaka jana, sasa tuko tisa. Sheria ni mbili, zote nilizileta mimi. Moja, programu haiingii mpaka mtu aijaribu kwa mkono wake, kisha aweke jina kamili, mtaa anakokaa na namba ya simu, ndio ukikwama umpigie. Mbili, ukibadilisha kitu unaandika sababu kwenye kisanduku.

Kisanduku cha jana kiko tupu. Jina la aliyefuta ni Wesley Kiprono.

Na hakufuta ukurasa tu. Amefuta hata kumbukumbu zake za nyuma, zile nakala za kila badiliko, kwa hivyo hakuna pa kurudishia. Nakala yangu ilikuwa kwa komputa ya kibanda changu cha kazi mtaani Rhonda, iliyoibwa mkesha wa mwaka mpya kwenye fujo za uchaguzi, pamoja na meza. Mimi wa kuhubiria watu bakap.

Ijumaa, 11 Januari

Nimempigia mara sita. Mteja hapatikani. Nimetuma imeli, laini mbili. Umefuta kwa nini. Nijibu.

Jumatatu, 14 Januari

Hakuna jibu la Wesley. Nimeuliza wale wengine saba. Mmoja tu amejibu, Salim wa Mombasa: "Achana naye, dada. Siku hizi kila mtu anarudi kwao."

Nimeisoma mara mbili. Kwetu ni wapi? Nimezaliwa Rhonda.

Ni kweli majina yetu, langu na la Wesley, yanataja kabila kabla hatujafungua mdomo. Miezi kumi hayakuwa na maana. Yalikuwa ya kupigia simu.

Jumatano, 16 Januari

Nina hasira. Leo sina kazi, kwa hivyo nina hasira siku nzima.

Laini 43 kwa miezi kumi ni kama moja kila wiki. Ile ya kufufua faili ilinichukua wiki mbili na Jumapili zote mbili. Sikusoma chuo. Nilikuwa nachapa barua kwa ofisi ya wakili, nikajifunza databesi kwa kitabu kisicho na jalada. Wesley ana digrii. Anafanya kazi Olkaria, anaweka rekodi za visima vya mvuke wa umeme, na analala Naivasha. Kila mtu mwingine huniuliza nilisomea wapi. Yeye aliuliza kitu kimoja tu, kila mara: "Umeijaribu?"

Ndiyo sababu inauma. Angekuwa mtu baki ningemtusi, nikalala.

Jumapili, 20 Januari

Tangu kibanda kivunjwe nashinda kwa hiki chumba ninachopanga mtaa wa Section 58. Mama Jasbir, mwenye nyumba, ameleta chapati mbili na kukaa kitandani bila kukaribishwa. Watoto wake wako Uingereza, mume alikufa. Nadhani chapati ilikuwa kisingizio. Nikamweleza yote, 118, 75, 43.

"Wewe hesabu, hesabu tu," akasema. "Kama ni adui, mbona bado unampigia?"

Nikala chapati ya pili.

Jumamosi, 26 Januari

Sijatoka tangu juzi. Moshi upande wa Rhonda. Kafyu, amri ya kutotoka nje. Mama Jasbir amefunga geti kwa mnyororo. Unga wa siku nne, mafuta ya siku mbili.

Nimempigia Wesley. Mteja hapatikani. Mara ya kumi na tisa.

Jumapili, 27 Januari

Wanasema sasa fujo ziko Naivasha. Wanasema vijana wa kabila letu wanasimamisha watu barabarani, wanauliza kitambulisho, wanasoma jina.

Sikula.

Jumatano, 30 Januari

Saiba imefunguliwa, mwisho saa tisa. Nilikuwa peke yangu na mwenye saiba, mwanamume wa makamo wa kabila letu, mtu wa kanisa, ananijua miaka miwili. Ukurasa ulikuwa wazi. Akaja nyuma yangu na kikombe cha chai, akasoma kioo cha komputa kwa utulivu, kidole kikafuata laini.

"Huyu Kiprono wa Naivasha," akasema. "Nyumba yake iko upande gani hasa?"

Pengine aliuliza tu. Nikamwambia alishahama, yuko Nairobi. Akasema sawa, akarudi mezani kwake. Akachukua simu.

Jina, mtaa, namba ya simu. Mara 31. Sheria yangu.

Nikanakili zote 31 kwa flash disk, nikahesabu, nikazifuta. Kisanduku kikaniuliza sababu. Nikaandika "kumlinda". Nikafuta. Anayesoma hapo atajua analindwa kutoka kwa nani, na ni nani anamlinda. Nikajaribu "marekebisho". Uongo. Nikaacha tupu.

Kisha nikaona ukurasa wa jana bado unafunguka kwa kumbukumbu za nyuma. Jina lake, mtaa wake, namba. Kufuta juu hakutoshi. Lazima ufute na kumbukumbu.

Kama alivyofanya kwa zangu.

Nikafuta na kumbukumbu.

Orodha iko na laini 44. Mtu akiifungua leo ataona mwanamke mwenye jina langu amefuta kazi yote ya mwanamume mwenye jina lake, bila sababu, mpaka mizizi.

Alhamisi, 31 Januari

Siku ya kukagua. Saiba ile sirudi. Nimekaa chumbani, flash disk mfukoni.

Inawezekana alinificha. Inawezekana alinifukuza na mimi nimempamba. "Inawezekana" si jibu. Kwa macho, kuficha na kufukuza ni kitendo kimoja, nimekifanya mwenyewe nikajua. Kuna tofauti moja tu: anayemficha mtu huweka nakala kwanza.

Simu yake bado imezimwa. Nimemtumia ujumbe, ataukuta akiiwasha. Nauandika na hapa, niwe na nakala.

"Wesley. Zako 31 ninazo, zote, nimehesabu. Sitaki maelezo wala pole. Kabla hujafuta zangu 43, ulinakili? Ndiyo au hapana. Nipe jibu kabla ya Jumamosi, saa sita mchana."